Mikono Isiyoonekana: Uchambuzi wa Picha Moja ya Mwani, Jambiani

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mama mmoja ameinama kwenye maji ya magotini, kanga kaifunga kibwebwe, chapeo ya ukindu kichwani, mikono imezama majini. Nyuma yake bahari ni nyeupe tupu, huoni vizuri pahala maji yanapokwisha na mbingu inapoanza, na ule mstari wa mawimbi yanayovunjika mwambani umelalia kushoto. Juu kulia kuna kishada chekundu cha mtalii anayevutwa na upepo juu ya maji. Kijiti cha shamba la jirani kimesimama sawasawa nyuma ya kichwa cha mama, utadhani kimemuota utosini. Na uso wake ni kiza kitupu: jicho halionekani, mdomo hauonekani.

Aliyeipiga ni binti wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, anayejipatia riziki kwa kupiga picha za harusi. Kikundi cha kina mama wa kijijini wanaotengeneza sabuni ya mwani kilimwomba picha moja kubwa ya kutundika kwenye banda lao, ili mnunuzi ajue sabuni imetoka wapi na kwa mikono ya nani. Kabla ya kuichapisha akaileta kwetu. Sisi ni wapiga picha tunaokutana kwenye baraza ya mwenzetu mmoja hapa Kikwajuni, mjini Unguja. Kila mtu huja na picha yake, ikatizamwa, ikasemwa. Nakiandika kisa hiki kwa urefu, kwa ruhusa yake, kwa sababu ndani yake mna karibu kila namna ya kukosoa ninayoijua, ile inayomvusha mtu na ile inayomrudisha nyumbani kama alivyokuja.

Sauti ya mwanzo ilikuwa ya sifa. "Mashallah, nzuri sana, rangi zimekolea." Binti akasema ahsante, na hapo pakawa kimya. Sifa hiyo ilitoka kwa moyo safi, lakini haikumwambia kipi kimekaa vizuri ili akirudi baharini akishike. Kama mtu angesema kwamba ile kanga ya rangi ya chungwa dhidi ya maji ya kijani ndiyo inayoita jicho, binti angejua rangi ile ya nguo amwombe mama aivae tena. Kusifu nako kunataka kazi. Ukisifu bila ya kuonyesha pahala, umempa mtu furaha ya usiku mmoja.

Sauti ya pili ilitoka kwa mkubwa wetu, mtu mwenye miaka mingi kwenye studio na mkono wake unaheshimika. Akaitizama kidogo akasema, "Ifute hii. Kajifunze mwanga kwanza." Alikuwa na haki kuhusu mwanga. Kila kosa aliloliona lilikuwepo. Lakini mtu akiambiwa akajifunze mwanga ataanza wapi? Mwanga ni somo la umri mzima. Nilimuona binti anaifunga kompyuta yake pole pole, na naamini lau mkutano ungeishia hapo asingerudi tena, na kina mama wangepelekewa picha ile ile iliyopo. Huu ndio ubaya wa ukali usio na maelekezo: unamuumiza aliyepiga, na picha inabaki vile vile.

Ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ilivaa sura ya msaada. Mwenzetu mmoja, msomaji mzuri wa mafunzo ya mtandaoni, akamwambia kwa upole: "Tatizo ni saa. Jua la saa nne ni kali. Nenda alfajiri jua linapochomoza, au jioni, upate mwanga laini wa dhahabu." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Ni ushauri unaofundishwa dunia nzima, na kwa picha ya ngalawa au ya Ngome Kongwe ningeutoa mwenyewe.

Kwa mwani haufai. Shamba la mwani linafikiwa maji yakipwa, na yanapwa vya kutosha siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Pwani zetu siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Kila siku inayofuata saa inasogea mbele kidogo, chini ya saa moja. Kwa hiyo jua likichomoza saa kumi na mbili, pale aliposimama yule mama katika picha pana maji ya kumfunika yeye na chapeo yake. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hubadilika, kupwa kunaangukia alfajiri na alasiri, lakini maji hayo hayatoki mpaka kwenye mashamba. Mwanga wa dhahabu na kazi ya mwani havikutani. Aliyetaka picha ya mwani amekwishachaguliwa saa yake na mwezi, na saa hiyo ni ya jua kali.

Binti alilijua hilo tangu utoto wake. Alikaa kimya kwa adabu tu, maana anayemshauri ni mkubwa kuliko yeye. Ndipo mama mmoja katika sisi, anayefundisha skuli, akauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la mwanzo: "Mwanangu, wewe ulitaka tuone nini?"

Akajibu papo hapo. "Mikono. Anafunga mwani bila ya kuutizama. Anazungumza na mwenziwe huku vidole vinakwenda vyenyewe."

Basi sote tukarudi kwenye picha kuitafuta mikono. Ilikuwa chini, kivulini, nusu imo majini, imechukua kiasi cha sehemu moja ya sita ya upana wa picha. Kwa hapo mkutano uligeuka. Ukishajua mtu alikusudia nini, kasoro hazina tena uzito mmoja. Kile kishada chekundu ambacho kila mtu alikuwa akikilalamikia kikawa jambo dogo. Kuinama kwa mstari wa mawimbi ni jambo la kunyoosha kwa kubonyeza pahala pamoja kwenye programu. Kubwa likawa umbali, pembe na uso.

Swali la kwanza la vitendo: picha hii inaokolewa, au irudiwe? Tukaijaribu hapo hapo. Kamera yake inatoa picha ya pikseli, vile vidoti vinavyoijenga picha, 6000 kwa 4000. Sehemu moja ya sita ya 6000 ni pikseli 1000. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, ubora wa kutizamwa kwa karibu, mikono ile inapata upana wa sentimita 8 na nusu. Hata ukiridhia nusu ya ubora huo, unafika 17, na bango waliloomba kina mama ni la A3, lenye upana wa sentimita 42. Kukata hakutoshi. Tukaung'arisha uso kwenye programu: macho yalitokea, lakini pamoja nayo zikaja chengachenga na ngozi ikageuka rangi ya jivu. Mama yule si wa rangi ya jivu. Tukakubaliana picha irudiwe, na binti mwenyewe ndiye aliyelisema neno hilo, kwa kuwa sasa alikuwa ameona sababu yake kwa macho.

Kuhusu kiza cha uso, hili linawapata wengi wetu, kwa hiyo nilieleze. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui mbele yake yumo mtu. Kinachukulia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vyeupe na vyeusi, ukivichanganya vinatoa kijivu cha katikati, kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Jambiani saa nne mchanga ni mweupe, maji yanamerimeta, mbingu inawaka. Kamera inaona weupe mwingi kuliko ilivyozoea, inaamua mwanga umezidi, inaupunguza. Anayelipa ni mtu mweusi aliye katikati ya weupe ule. Na tusisahau kwamba vyombo hivi havikuanzia kwetu: kwa miaka mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi ya mwanamke mweupe, zile kadi zilizoitwa Shirley, na mpaka miaka ya 1990 ndipo zikatoka zenye watu wa rangi mbalimbali. Kamera za leo ni nyingine, lakini tabia ya kuachia mashine iamue sura ya mtu mweusi mbele ya bahari bado inatugharimu. Dawa ni kuiambia kamera iongeze mwanga hatua moja au moja na nusu, na kama mbingu itaungua, iungue, haikuwa ndiyo kusudio. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo kisha uvute kile kijua juu.

Lakini kulikuwa na dawa bora zaidi kuliko kuongeza mwanga, na aliyeitoa ni kijana mvuvi anayepiga picha kwa simu. Akauliza, "Ulisimama upande gani?" Upande wa nchi kavu, binti akasema, akitizama baharini. "Basi ulilitizama jua." Pwani ya Jambiani inaelekea mashariki. Asubuhi, ukitoka kijijini ukaelekeza kamera baharini, jua liko mbele yako na kila mtu unayempiga amekupa upande wake wa kivuli. Mpite mama, nenda upande wa mwamba, kisha ugeuke utizame kijijini. Jua sasa liko nyuma yako, na nyuma ya mama, badala ya bahari nyeupe, ipo minazi. Kamera haina tena weupe wa kuidanganya. Hatua chache za kutembea majini zilimaliza nusu ya tatizo, na hakuna kitabu ambacho kingemwambia hivyo. Aliyemwambia ni mtu anayejua Jambiani inaelekea wapi.

Mimi mchango wangu ulikuwa juu ya kimo. Chapeo inatia uso kivulini wakati jua limepanda, hilo halikwepeki. Ila mchanga mweupe chini ya maji ya kina kifupi unarudisha mwanga juu. Ukipiga umesimama, unaona juu ya chapeo. Ukipiga umechuchumaa, kamera karibu iguse maji, unaona uso unaoangazwa kutoka chini, na mikono inakuwa mbele kabisa. Nikamwambia aiache ile pembe pana ya milimita 18 kwenye lenzi yake, asogee karibu, atumie 35. Na mipangilio tukaiandika kwenye karatasi: kanuni ya zamani ya jua kali ni tundu la lenzi f/16 na kasi iliyo sawa na ISO, kile kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga, yaani ISO 100 kwa sekunde 1/100. Hiyo ni sawasawa na f/5.6 kwa 1/800. Kwa sababu uso uko chini ya chapeo, aishushe mpaka 1/400, ambayo inatosha kuisimamisha mikono inayofunga. Na mfuko wa plastiki juu ya kamera, maana chumvi haina huruma.

Bamvu lililofuata akaenda. Picha alizorudi nazo zilitufanya tusogee karibu na kioo. Uso upo, macho yapo, jasho linaonekana juu ya mdomo. Mikono iko mbele, tawi la mwani katikati ya vidole, kamba imekata maji kutoka kona ya chini mpaka kwake. Mapaa ya hoteli yaliyokuwa baina ya minazi alikuwa ameyaficha nyuma ya chapeo kwa kusogea kidogo kulia. Kati ya hizo, moja ilizidi zote: mama ameinua uso anacheka, mwanga umemjia vizuri mno. Mkubwa wetu wa studio akasema, "Hii." Akaongeza, na nilifurahi kumsikia, "Umefanya kazi." Tungekuwa watu wa haraka, ingekwenda kuchapishwa jioni ile.

Binti akasema kwanza anampelekea mwenyewe.

Akazichapa ndogo ndogo mjini, akarudi nazo Jambiani, na alichoelezwa huko ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki. Mama alizitizama moja moja, akazisifu, kisha akamrudishia ile ya mikono. "Mwanangu, picha nzuri. Lakini hapa sifungi. Hapa nabandua." Akamuonyesha kwa ukucha: matawi mawili yaliyo kwenye vidole yalikuwa yamebadilika rangi, meupe kwenye vifundo. Huo ni mwani mgonjwa. Maji yakipata joto mwani unaweza kugeuka mweupe ukakatika vipande, na kotonii, ule wenye bei nzuri zaidi, ndio unaodhurika zaidi, ndiyo maana mashamba mengi ya Unguja leo yamejaa spinosamu, aina nyengine ya mwani. Mama alikuwa akitoa ubovu usiharibu kamba nzima. "Mkitundika hii bandani, anayejua mwani atasema hawa sabuni yao wanatengeneza kwa mwani mbovu."

Sisi sote barazani tuliyaona yale matawi meupe. Kuna aliyesema yanapendeza, yanavunja ukijani. Hakuna hata mmoja aliyejua anatizama nini. Mwani unalimwa kibiashara kwenye vijiji hivi tangu 1989, wanawake wengi mno wameishi kwa kazi hiyo, na sisi wapiga picha wa mjini hatukuweza kutofautisha mtu anayepanda na mtu anayeng'oa.

Akaendelea: "Halafu mimi nikifunga siinami. Nani atainama masaa matatu? Nikifunga nakaa." Anakaa majini, au juu kivulini akiwa na kamba zake, na rundo la mbegu, yaani vipande vya mwani wa kupanda, mapajani, taitai, zile kamba ndogo za kufungia, zimeshikwa mdomoni au zimefungwa tayari kwenye kamba. Kuinama ni wakati wa kupita kukagua. Sasa fikiria ni picha ngapi za mwanamke wa mwani umeziona, kwenye kalenda, kwenye kuta za hoteli, na kila moja ameinama. Binti naye aliinamisha picha yake kwa mazoea hayo hayo, ingawa amezaliwa hatua chache kutoka kwenye mashamba yale. Jicho lake lilikuwa limefundishwa na picha za wapita njia.

Na ile ya kucheka, iliyozidi zote? Mama akaigeuza kifudifudi. "Hii usiitoe. Ushungi umerudi nyuma." Kweli, chini ya chapeo nywele zilikuwa zinaonekana kwenye paji. Aliporudi kutueleza, palikuwa na ubishi. Mmoja akasema akate juu kidogo. Mwengine akasema programu inaweza kuchora kitambaa hapo, hatajua mtu. Msimamo wangu ulikuwa mmoja na ninao mpaka leo: uso ni wake, heshima ni yake, neno lake limemaliza. Picha ya mtu aliyeikataa haina ubora wa kuutetea. Binti hakutungoja tukubaliane. Alikuwa ameshaifuta mbele yake, kule kule Jambiani.

Ya mwisho aliipiga bamvu jengine. Mama amekaa majini, miguu mbele, kanga ile ile ya rangi ya chungwa, ushungi umefungwa vizuri chini ya chapeo. Vidole vinakaza taitai kwenye shina la mwani lililonona, la kijani kibichi. Yeye hautizami. Amegeukia pembeni anamwambia jambo mwenziwe, ambaye unaona bega lake tu. Lile alilolisema binti siku ya kwanza barazani, kwamba vidole vinakwenda vyenyewe, sasa huhitaji kuelezwa. Kwa mwanga wake haifiki ile ya kucheka. Jua lilikuwa limepanda zaidi na shavu moja limekula kivuli. Mkubwa wetu alilisema hilo, na safari hii alisema na la kufanya: kanga nyeupe ishikwe na mtu upande ule, irudishe mwanga. Binti akaliandika kwa ajili ya picha nyingine. Hii aliona haina haja ya kuguswa tena, kina mama wameipenda, na maelezo ya chini yake wameyatunga wao.

Liko moja tulilobishana mpaka mwisho. Kona ya kushoto chini kuna kamba ya pili, imetoka na ukungu, inalivuta jicho litoke nje ya picha. Nilimshauri aikate, na bado naona ingekatwa. Alinisikiliza, akaijaribu bila ya kamba mbele yangu, akairudisha. Akasema mama hafungi kamba moja. Anafunga zote zile zinazokwenda mpaka huko zisikoonekana, na mnunuzi wa sabuni akiona moja tu atadhani ni kazi ndogo. Bango liko bandani sasa, na kamba ya pili imo.